Mstari Ambao Sikuufuta

Ijumaa, saa nne usiku, Nguba, umeme umerudi
na mimi nimerudi nao, kitenge na soksi,
kufuta mstari mmoja.
Mstari wenyewe mfupi: namba ya toleo la zamani,
injini ya lugha iliyotelekezwa na hao walioiunda.
Kila ninapogusa kifaa chetu cha majaribio
lazima nikipitishe kwenye matoleo sita,
na hilo la chini kabisa ndilo linaloninyima usingizi:
matano kijani, moja jekundu,
matano kijani, moja jekundu,
kama kitinda mimba anayekataa kuoga.

Cikuru ameshasema: Kata.
Wenzetu wote wamesema: Kata.
Hakuna anayelitumia, wamesema,
na kidole nilikuwa nimekwisha kuinua
nilipokumbuka kwamba "hakuna" ni neno la mtu
ambaye hajafika Nyangezi.

Jumamosi nikapanda pikipiki.
Mushagalusa alinidai elfu kumi na mbili,
akaongeza mbili kwa ajili ya matope.

Nesi Nabintu akanifungulia kabati.
Ndani, juu ya maboksi ya glavu, kompyuta
ya rangi iliyokuwa nyeupe,
kifuniko kimeshikwa na plasta ya vidonda,
betri ya gari miguuni, paneli moja juu ya bati.
Inahesabu dawa za malaria. Inahesabu chanjo.
Friji ikipanda joto, inapiga kelele
kama jogoo aliyekosea saa.
"Isipofanya kazi," akasema, "mimi hulala kwenye benchi hili,
mkono kwenye mlango wa friji."

Nikamwambia kuna toleo jipya.
Akacheka hadi barakoa ikashuka.
"Mwaka juzi kijana mmoja alilijaribu.
Mashine ikafikiri siku mbili, kisha ikazima.
Tukahesabu vidonge kwa punje za maharage."

Nikakaa. Nikaendesha majaribio.
Jekundu.
Nikasoma kosa kutoka chini kwenda juu,
kama tunavyopanda ngazi za udongo kwenda Cimpunda,
na pale juu, nikihema, nikajikuta mwenyewe:
mstari wangu wa mwezi uliopita,
ule niliouandika kwa mtindo mpya
si kwa kuwa ulihitajika,
bali kwa kuwa ulikuwa mzuri.
Nilipenda ufupi wake. Nilitaka Cikuru auone.

Kumbe si uzee wa mashine. Ni urembo wangu.

Nikaubomoa. Mahali pake mistari minne ya kizamani,
rahisi kueleweka, mibaya kutazama.
Nukta ya kijani ikawaka,
na Nabintu, ambaye hakujua kilichotokea,
akaniletea chai kwa sababu nilishusha pumzi kwa sauti.

Huko soko la Kadutu, Mama Nsimire hupima maharage
kwa kopo la maziwa ya unga.
Kiwanda sijui kama bado kipo,
maandishi yameliwa na vidole.
Nenda na mizani yako mpya, uone:
meza zote zitakuuliza
kilo ni makopo mangapi.

Sitadanganya. Siku itafika nitaufuta.
Siwezi kubeba matoleo yote mgongoni,
kamba kwenye paji la uso, kama wanawake
wanaoteremka na makala kutoka Kabare;
na wao wenyewe hawakuomba ule mzigo.
Ila sitaufuta usiku, Ijumaa, kwa hasira.
Nimeacha flashi kwenye droo ya Nabintu,
ndani yake kifaa kizima, kinachomwelewa,
na pale palipokuwa na ukurasa wa makosa mekundu
nimeandika sentensi tatu, za siku hiyo:

Samahani. Toleo lako ni la zamani kuliko tunavyoweza kubeba.
Tumia lile la kwenye droo, bado linahesabu.

Jumapili Cikuru akaona kazi yangu.
"Mistari minne? Kwa ajili ya mashine moja?"
Nikaandika: "Minne."
Nilitaka kuongeza kitu kuhusu friji na mkono,
umeme ukakatika.