Noti ya Ishirini

Nyuma ya daftari la hesabu la Asifiwe,
kurasa ambazo kalamu nyekundu ya mwalimu haifiki,
ndipo yanapolala madeni yetu.
Mama Nsimire, unga kilo ishirini.
Duka la vyuma, fimbo za kuchomelea, pakiti mbili.
Shule, muhula wa pili, nusu.
Na yule wa Nguba. Jina lake siandiki.
Naandika "yule", dola arobaini,
na mwezi ukigeuka naandika hamsini
juu ya arobaini ile ile.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Harusi yetu ilikuwa bugali na sombe, siku tisa,
umeme ulipolala Kadutu nzima
na Cirhuza akakaa mlangoni mwa karakana,
kioo cheusi amekipandisha juu ya paji la uso
kama mtu anayengoja jua lake peke yake.

Mume wangu hana mshahara.
Ana waya mmoja unaoshuka kutoka nguzoni.
Ukiwaka saa nane za usiku, anaamka saa nane za usiku,
nami naamka kumshikia bomba,
macho nimeyafumba, cheche zinaniruka kikwembe.
Mwisho wa mwezi kwetu hauna tarehe.
Huja ukitaka, hulala siku mbili, huondoka.

Jumanne akamaliza geti la mtu wa Muhumba.
Noti sita za ishirini!
Nikazihesabu kwenye mwanga wa simu,
na ya sita ilikuwa imechanika pembeni,
mchano mdogo, mdomo wa siafu.

Na dola huku kwetu ni bibi harusi:
haitakiwi na doa.
Mama Nsimire aliiinua juani, akatikisa kichwa.
Mhasibu wa shule aliirudisha kwa mkia wa kalamu,
hata kidole hakutaka kuigusa.
Mbadilisha fedha wa Nyawera akasema: kumi na nne.
"Mpe," akasema Cirhuza.
Dola sita, mchano uzile peke yake?
Mchano una watoto wangapi?

Sikumpa. Haikuwa busara, ilikuwa hasira.
Nikaichomeka katikati ya daftari,
madeni upande huu, jedwali la saba upande ule.

Zile tano nzima zikatoka siku hiyo hiyo.
Yule kwanza, hamsini zake zote,
maana deni lake hukua usiku sisi tumelala.
Shule thelathini. Unga ishirini.
Duka la vyuma nikaliomba Jumamosi,
kisha Jumamosi nyingine,
nikajifunza kupita njia ya juu, yenye matope.
Chai tukanywa kavu. Franka ikashuka tena,
na kila nilichokipanga asubuhi
jioni kilikuwa kimefupika kwa kiganja.

Wiki ya sita, Asifiwe akiwa na rula mkononi:
"Mama, hii noti niiandike wapi?"
Nikatazama. Safu ya Tunadaiwa. Safu ya Tumelipa.
Noti zote nzima zilizoingia humu zimekwenda,
na hii kilema, iliyokataliwa milango mitatu,
ndiyo pekee iliyokubali kukaa na sisi.
"Piga mstari mwingine," nikamwambia.
"Juu yake niandike nini?"

Nilikuwa bado nafikiri
Cirhuza alipogonga dirisha kwa ufunguo:
umeme umerudi, njoo unishikie bomba.