V ya Mkono

Mashine ya Mama Venansia haikuwa na V.
Kijiti chake kilikatika kabla sijaajiriwa,
na fundi wa Nyawera alitaka bei ya mbuzi.
Basi alipiga nafasi tupu, akamaliza sentensi,
kisha akarudi na sindano
kuichora V mojamoja juu ya stensili:
wivu, mvua, mavazi ya bibi harusi,
na jina lake mwenyewe, chini, kila Jumamosi.

Mimi nilizungusha mpini. Kurasa nne, nakala mia sita,
wino hadi kwenye viwiko.

Barua zilishuka kutoka Kadutu ndani ya vikapu vya maharage,
zilivuka kutoka Idjwi zikinuka sambaza.
Mmoja aliuliza kama shemeji aliyeazima sufuria
miaka mitatu iliyopita bado ni shemeji.
(Ni shemeji, alijibu. Sufuria ndiyo si yako tena.)
Mwalimu mmoja alimpenda mke wa mchungaji
na alitaka tu mtu ajue.
Alizisoma zote amevua viatu.
Haifai, alisema, kuingia nyumba ya mtu na matope.

Halafu ile ya Cimpunda, karatasi ya daftari la hesabu:
*Ananipiga biashara ikilala. Ikiamka pia.
Mama anasema ng'ombe wamekwisha kuliwa.*
Siku hiyo Mama Venansia aliumwa jino, alikuwa na haraka.
Alijibu kwa mistari miwili.
Neno la kwanza lilikuwa *vumilia*.

Wiki saba.
Akaja mwanamke mwenye kilemba cha msiba,
akafungua leso, akatoa kipande cha gazeti
kilichokatwa kwa wembe, vizuri, pembe nne kamili.
Kilikuwa chini ya godoro la binti yake.
Hakupaza sauti. Aliweka kidole juu ya herufi.
"Hii V," akauliza, "ni mukono yako?"

Angeweza kusema mashine iliteleza.
Lakini neno lile alilipitia mara mbili:
kwanza akaliachia nafasi,
kisha akarudi.
"Ni wangu," akasema.

Sijui walikaa muda gani.
Nilitoka nje, nikajifanya naosha rola.

Aliandika miaka kumi na tisa zaidi.
Mhariri alileta mashine mpya yenye kila kitu;
aliifunika kitenge, ikawa meza ya chai.
Majibu yakafupika:
*Njoo. Mlango wa buluu, nyuma ya duka la misumari, Nguba.
Lete watoto. Usingoje Jumamosi.*
Walikuja, wengine na magodoro kichwani.
Padri alimsema kanisani bila kumtaja,
na benchi zote zikageuka kumtazama.
Mjini walimwita Mvunja-nyumba.
"Hata hilo," alisema, "haliandikiki bila mkono wangu."

Tumeshamzika. Mashine iko kwangu.
Jana imefika barua isiyojua kwamba amekufa.
Nimeinakili ilivyo, swali juu.
Sindano nimeiona, imo bado ndani ya kopo la maziwa.

*Je, niendelee ku umilia?*

Pengo nimeliacha.
Chini yake nimepiga ule mlango,
rangi imebabuka lakini unafunguka,
na duka, na Nguba, na watoto.
Anwani nzima, nimegundua leo,
haina herufi ile hata moja.