Njia ya Kurudi

Duluth, Januari. Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Ziwa limekakamaa,
na gari langu limekohoa mara nne kabla ya kukubali.
Bi Aune Kivelä ananifungulia
kavaa makoti mawili na kofia ya marehemu mumewe.
"Tanuru limezeeka kama mimi," anasema. "Niletee jipya, kijana."
Nina miaka hamsini na mmoja.

Nashuka ngazi hadi chini ya ardhi.
Tanuru halijazeeka. Linawaka buluu, meno yote yapo,
linanguruma dakika tatu, kisha linajizima
kama mtu aliyekatizwa maneno mezani.
Nachomoa chujio: nene, la kijivu,
limefuma blanketi zima kwa manyoya ya mbwa
aliyekufa, naambiwa, mwaka juzi.
Natia jipya. Nasikiliza.
Bado.

Basi napanda na tochi, chumba kwa chumba.
Cha kwanza, tundu la hewa limefungwa.
Cha pili, limefungwa na kufunikwa zulia.
Cha tatu, limefungwa, likapakwa rangi ya ukuta.
"Ni Toivo," anasema. "Vyumba vitupu tuvipashe moto wa nini?
Eino kahamia Tacoma, Ritva kaolewa;
kila aliyeondoka, Toivo alikwenda kuchukua bisibisi."
Na Toivo alipoondoka yeye
bisibisi alikuwa anajua ilipo.
Sasa analala kwenye kochi, karibu na jiko.

Natafuta namna ya kusema bila kusomesha:
kwamba feni haina habari nani kahama.
Inasukuma hewa ileile, kama siku walipokuwa wanne,
na hewa ikinyimwa mlango huzua mlango,
hufutuka kwenye viungo vya bati,
ikaenda kupasha moto mitungi ya matango
na mbao za skii za watoto wenye watoto.
"Kwa hiyo miaka yote hii tulibana nini?"
Swali si langu. Nakunja mkono wa shati.

Ukumbini kuna kabati la vyombo.
Naweka karatasi nyembamba pembeni yake:
inatikisika, inavutwa, inashika mbao.
Hapa, Bi Aune. Nyumba inavutia pumzi hapa,
na mmeiwekea sahani puani.
Mkono utoao ndio upatao, lakini na huo mkono
lazima kitu kiurudie.
Tunasukuma, yeye bega, mimi bega,
vikombe vikigombana ndani.
Nyuma, wavu mpana kama sinia, umevaa vumbi,
na katika vumbi tiketi ya bahati nasibu
ya mwaka tisini na nne.
Anaisoma namba moja moja.
Anaitia mfukoni. Hasemi kitu.

Naziba viungo kwa utepe wa bati.
Nafungua cha kwanza, cha pili;
rangi ya cha tatu naikwangua kwa kisu.
Penye mlango wa nne amesimama yeye.
"Hiki kiache."
Nasema: mlango ubaki umefungwa, ukipenda.
Lakini tundu la ndani lifunguliwe,
na niruhusu niukate huu kwa chini,
upana wa kidole gumba. Hakuna atakayeona ndani.
Anautazama mlango kitambo kirefu.
"Kidole chako au changu?"
Chako.

Msumeno, unga wa msonobari, mlango bawabani tena.
Chini tanuru linawaka, na safari hii
linasema sentensi yake mpaka mwisho.

Naandika risiti: chujio, utepe, saa tatu.
Mlango siuandiki.
Ninapoinua kichwa kumwomba sahihi
namkuta kapiga magoti ukumbini, kofia mkononi,
kiganja kwenye ule upenyo.
"Inatoka," anasema.
Nilidhani ananiuliza.
"Inatoka, kijana. Ina joto."