Mkia wa Paka

Saa nne usiku, Gabrovo. Theluji imefunga barabara ya juu
na mashine ya kufumia namba saba imezimika katikati ya ua:
petali tatu zimo kitambaani,
mbili bado zimo ndani ya chipu.

Nimeketi sakafuni, bodi juu ya gazeti la juzi,
kompyuta mapajani, na kebo kati yetu,
nyeusi, fupi, haina la kusema.
Nauliza: nani yuko upande wa pili?
Kompyuta inanijibu: hakuna kifaa.
Nachomoa, napuliza, nachomeka,
kama afanyavyo kila mtu duniani,
na kama kila mtu duniani naona haya kidogo.
Hakuna kifaa.

Hakuna! Nami nakitazama kwa macho yangu,
kina miguu mia moja arobaini na minne,
kina vumbi la pamba, kina jina lililochapwa mgongoni.

Nikabadilisha dereva. Nikamrudisha wa zamani.
Nikahamia tundu la kushoto.
Nikapunguza mwendo wa saa, labda nilikuwa naropoka,
nikauliza polepole, kama unavyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Penko wa zamu ya usiku akaleta chai ya majani ya mlimani.
"Ipige teke," akasema. "Namba tatu tuliipiga teke."
"Hii si namba tatu."
"Basi mwambie bosi anunue kebo mpya."
Tukacheka mpaka chai ikamwagika,
maana mji huu hujisimulia wenyewe, bila aibu,
kwamba huwakata paka mikia
ili mlango ufungwe upesi, joto lisitoke.

Ndipo nikaiona taa ya kebo.
Tangu jioni ilikuwa inawaka rangi ya chungwa
na mimi tangu jioni naridhika kwamba inawaka.
Kijani ni tayari. Chungwa maana yake:
siisikii volti ya mwenzangu.

Kumbe kebo ina adabu.
Haifungui kinywa kabla ya kujua
mwenzake anazungumza kwa sauti gani,
volti tatu na ushei, mbili na nusu, au moja nukta nane,
ndipo ipime yake ilingane.
Ikipaza, itamuunguza. Ikinong'ona, haisikiki.
Kati ya nyaya sita, mmoja kazi yake ni hiyo tu:
haupeleki neno, hauleti neno,
unasikiliza.

Kipima-volti kwenye bodi: tatu nukta tatu, safi.
Kwenye ncha ya kebo: sifuri.
Nikaufuata waya kwa ukucha, chini ya utepe,
sentimita nne kutoka kwenye plagi, hapo umevimba.
Nikaumenya. Haukukatika. Ulikatwa,
kwa mkasi, ncha zimekunjwa vizuri,
na kikaratasi, mwandiko wa Stanimir, fundi aliyenitangulia:
*Huu haubebi kitu. Nimechukua kipande kwa ajili ya kengele ya mlangoni.*

Miaka tisa. Hakuna aliyeihitaji kebo kwa miaka tisa.
"Kengele inalia vizuri, lakini," akasema Penko.

Nikamlaani Stanimir kwa maneno
ambayo Penko aliniomba niyarudie ayaandike.
Kisha bisibisi, kisha ngazi, kisha risasi ikayeyuka,
moshi mwembamba, ncha kwa ncha.
Kijani.

Nani yuko upande wa pili?
Na chipu ikataja namba yake yote, tarakimu kwa tarakimu,
kama mtoto aliyekuwa amenyoosha mkono darasani siku nzima
na mwalimu hamwoni.

Saa saba mshindio ukapita tena katika mtande.
Petali ya nne ina mstari mdogo, uzi uliokaza,
mnunuzi hatauona. Mimi nitauona.

Saa kumi na mbili asubuhi bosi alifika, akasahau funguo,
akabonyeza kengele. Akabonyeza tena.
Akachomoa glavu, akapuliza kidole, akabonyeza polepole,
huko nje, thelujini,
na sisi ndani, mashine zikinguruma,
tulikuwa hatupo.