Alama ya Treni

Wageni wangu hapa Paje
leseni zao za kwao hugongwa muhuri, hulipiwa, basi:
wanapanda pikipiki za matairi manne
wananifuata njia ya Bwejuu,
mimi nisiye nayo.

Jana nilikwenda mjini kutahiniwa.
Afande Maua akaninyooshea kibao.
Treni hiyo, nikasema.
Ukiikuta utafanyaje?

Nikacheka. Ndilo kosa.
Treni, Unguja hii!
Ile ya Bububu iling'olewa
hata bibi yangu hajazaliwa.

"Unasimama. Unatazama. Unasikiliza,"
akaandika kwa wino mwekundu. "Rudi mwezi ujao."

Leo, penye kivuko cha ng'ombe,
nikasimama, nikatazama, nikasikiliza.
Nyuma yangu mashine sita zikaganda foleni.
Kuna nini? wakauliza.

Treni, nikawaambia.
Tuipishe.