Ua Wangu, Ua Langu

Fundi Lugwisha kafunga timazi lake kwenye kitambaa, kaondoka.
Nimebaki na nyumba:
tofali za kuchoma, bati ishirini na nane,
na uwazi pande zote,
kama mtu aliyetoka kuoga akakuta kanga imeanuliwa.
Hapa Ipuli upepo wa Septemba haupigi hodi.
Mbuzi wa Kapalata nao hawapigi.

Nimefungua daftari la madeni ya duka,
nikaandika juu ya ukurasa: UA.
Herufi mbili, lakini neno lina tumbo.
Ua wangu unazuia, ua langu linanukia,
na ukilitamka kwa hasira, Ua!
mtu anakufa.

Kila mtu ananiambia minyaa.
Unakata fimbo, unachomeka, umemaliza;
haidai maji, haidai salamu.
Lakini namkumbuka Mihayo, kaka yangu,
alivyovunja tawi kwa mchezo,
utomvu mweupe kama maziwa ya mama
ukaruka jicho la kushoto.
Hata siku ya ndoa alimtazama mkewe
kwa kugeuza shingo, kama kuku.
Minyaa nimeifuta.

Michongoma, basi?
Kupanda mchongoma, walisema, kushuka ndio ngoma.
Hawakusema huyo aliupanda kwa miguu au kwa jembe.
Wa jembe naye hashuki:
kila mwaka yuko na panga, mikono imechanika,
anapigana na mlinzi wake mwenyewe.

Milembe, mwanangu, kanitumia picha kwenye simu,
bogenvilia imefunika ukuta mzima, zambarau tupu.
Nikamwonyesha Lugwisha. Akacheka puani:
"Mama Milembe, usilaze jani kwenye tofali.
Mchwa wa Tabora wanatafuta ngazi tu."
Na Bi Nyanzala, jirani, akadakia kutoka kwake:
"Kinachotambaa huita kinachotambaa."
Akaonyesha kwa mkono jinsi nyoka anavyoingia dirishani.

Usiku nikajiuliza, namficha nani nini?
Miaka thelathini na moja kwenye kota za reli,
kuta nyembamba hata chumvi ya mchuzi wangu ilijulikana.
Niliapa: nikijenga kwangu, ua utanipita kimo,
nile kwa siri, nilie kwa siri.
Kisha ikaja Aprili ile.
Presha ilinishika bombani, mafundi hawajafika;
aliyeona ndoo imelala ubavu
ni Nyanzala, kutoka kibarazani pake.
Hakuita. Alikimbia na upawa mkononi.

Kwa hiyo, mhina.
Bi Zuwena wa Ng'ambo kanikatia vipando arobaini, bure,
kwa sharti nimpelekee majani harusi zikifika.
Mhina hukubali mkasi, huvumilia kiangazi,
hutoa kiua kidogo ambacho hukioni mpaka ukinuse.
Mbuzi wa Kapalata akijaribu
atarudi kwao na midomo ya bibi harusi.

Na pasheni, moja, dirisha la jikoni,
lakini si ukutani: hatua nzima mbali,
juu ya waya na nguzo mbili za mninga.
Mimi niupande, wenyewe upande.
Kivuli kinifikie, mizizi isinifikie.
Nyoka? Nitafagia. Nina ufagio na nina macho yote mawili.

Vipando vimelowekwa kwenye ndoo, ndoo ileile.
Mawingu yanapita kuelekea Urambo, hayatuangalii.
Nyanzala kasimama mpakani, ambapo bado hakuna mpaka:
"Utauacha upande mpaka wapi?"
"Kifuani tu," nikasema, nikajiwekea kiganja.
Akaja karibu, akasimama pale utakapopita ua.
Kiganja changu kikamgusa kidevu.
"Kifua cha nani?" akauliza.

Bado tunabishana.