Mahali pa Shahidi

Kamera nilikwishanunua. Ndogo, kama kiberiti.
Sasa natafuta mkono wa kuishika.
Ouko, ghorofa ya pili, barabara ya Luthuli,
anamwaga mezani mikono ya kila aina
na kuniuliza kama daktari wa meno:
"Kiooni au dashibodi?"

Sijui. Mimi nauza mayai.
Trei arobaini kila alfajiri, Kinoo hadi Buruburu,
Probox nyeupe, kioo cha mbele chenye ufa
unaoanzia pale stika ya bima inapoishia
na kusogea kidole kimoja kila mwezi.

"Huu ni wa kunyonya," asema.
Anakilamba kikombe cha mpira bila haya,
anakikandamiza kwenye kabati la vioo, pwap!
Anavuta. Kabati zima linatikisika.
"Jioni unabandua, unalala nao nyumbani,
wasije wakakuvunjia gari kwa ajili ya plastiki."
Lakini naijua Julai ya Kinoo,
kioo kinavyotoka machozi saa kumi na moja,
na navijua vitu vinavyonyonya:
huachia siku unapovihitaji.

"Basi huu wa gundi, wa dashibodi.
Ukibandika umebandika, kama ndoa ya kanisani."
Yangu ya kanisani, namwambia, ilibanduka mchana kweupe.
Na dashibodi yangu, foleni ya Jogoo Road saa saba,
ungekaangia bidhaa yangu juu yake.
Tena kutoka kule chini jicho litaona nini?
Boneti, na risiti zangu zikielea kiooni
juu ya lami, kama mizuka ya madeni.

Wa tatu ni mfuko wa mchanga, hukaa kwa uzito wake tu.
Naupima kiganjani. Umetulia kama kuku anayeatamia.
Tuta la kwanza, utaniatamia mapajani.

Ouko hanihimizi. Anafuta vumbi, anauliza taratibu:
"Kwani unataka ione nini?"

Nataka ione Kangemi,
saa kumi na mbili kasorobo,
gari jeusi likichomoka ubavuni bila taa
na mwenyewe akishuka na simu sikioni
kabla hajatazama kama nipo hai.
Ione ute ukiteremka mtaroni polepole,
mbwa wawili wakija kulamba lami.
Ione afisa akifungua daftari lake:
"Mama, una shahidi?"

Nilikuwa nao elfu moja na mia mbili.
Wote walikuwa wamevunjika.

Asiyekuwapo na lake halipo, husemwa.
Mimi nilikuwapo. Langu ndilo halikuwapo.

Haya yote simwambii.
Nasema: "Ione mbele. Na pembeni kidogo."
Anaelewa, au anajifanya.
Anaurudisha ule wa kunyonya, anachagua wenye shingo fupi.
"Mrefu hutetemeka. Na shahidi anayetetemeka,
nani atamwamini?"
Mia tisa. Mia tano na mayai kumi.
Anaguna, anachukua funguo, tunashuka ngazi.

Garini halambi. Mate, asema, ni ya dukani.
Anasugua kioo kwa spiriti,
anakiweka kiganja hadi kipate joto,
kisha anakandamiza juu kabisa, nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma,
pasipo kunizibia macho yangu mwenyewe.
Nafungua droo, natoa kamba ya kufungia trei,
naufunga ule mkono fundo mbili.
Ananiangalia. Namwangalia.
Nimeshaeleza kuhusu vitu vinavyonyonya.

Picha ya kwanza: tumbo la Ouko.
Ya pili: Luthuli, mkokoteni wa televisheni,
mtu akivuka bila kutazama kokote,
na chini pembeni, mwembamba kama unywele,
ufa.

"Ngoja niisogeze," asema, "ule ufa unaingia."

Uache.
Huo nao ulikuwapo.